Mkia wa Samaki Humtii Nani?

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa ufukoni mwa ziwa, hapa Kalemie, pamoja na wanafunzi wangu wachache. Mitumbwi ilikuwa imerudi kutoka uvuvi wa usiku. Taa zilikwisha kuzimwa, na akina mama walikuwa wamejipanga na mabeseni yao wakingojea ndakala na migebuka. Kando yetu mama mmoja alikuwa akimtengeneza sangala juu ya ubao. Akamkata kichwa, akakiweka upande. Mara mkia ukapiga ubao: pa! Ukatulia. Kisha ukapiga tena.

Mtoto mmoja wa darasa la tano akanigeukia, akasema: «Mwalimu, kichwa hiki hapa. Sasa huo mkia unamtii nani?»

Nikamjibu kwa haraka, kama wafanyavyo walimu walioshikwa bila jibu: «Ni mishipa tu, mwanangu.» Mtoto akanyamaza kwa adabu, lakini niliona wazi kwamba hakushiba. Nami sikushiba. Tena nilikuwa na sababu ya pekee ya kutaka kulijua jambo lile, sababu iliyonikaa moyoni tangu zamani. Nitaieleza mbele. Kwanza na tumjibu mtoto.

UGWE ULIO NDANI YA MIFUPA

Kila mla samaki anaufahamu uti wake wa mgongo, ile mifupa midogo iliyopangwa pingili kwa pingili tangu kichwani hata mkiani. Ukiitazama pingili moja kwa uangalifu, utaona juu yake tundu dogo. Matundu hayo yakipangana hufanya mfereji, na ndani ya mfereji hupita uzi mweupe, laini kama ute wa yai lililopikwa. Uzi huo tuuite ugwe wa mgongo. Sisi wanadamu tunao pia, nao umehifadhiwa vivyo hivyo ndani ya mifupa ya mgongo wetu.

Zamani watu wengi walidhani kwamba ugwe huo ni kama waya wa simu tu: ubongo husema, ugwe hupeleka neno, misuli hutii. Lakini mwaka 1911 Mskoti mmoja, Thomas Graham Brown, alionyesha kwamba paka ambaye ugwe wake umetengwa na ubongo aweza bado kupiga hatua kwa miguu yake ya nyuma, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mwaka 1936 wenziwe wawili, James Gray na Alexander Sand, waliandika habari za papa mdogo wa bahari ya Ulaya. Walipoukata ugwe wake nyuma ya kichwa, mwili uliendelea kujipinda kulia na kushoto, kwa mdundo wa kuogelea.

Hata hivyo wenye shaka waliweza kusema: «Labda ni maji yanayougusa mwili, au misuli inayovutana.» Basi mwaka 1980 Avis Cohen na Peter Wallén, wakifanya kazi huko Stockholm katika Uswidi, wakautoa ugwe wa samaki mmoja asiye na taya, mwenye umbo la mkunga, wakaulaza peke yake katika chombo chenye maji ya chumvi na dawa ya kuuamsha. Hapakuwa na kichwa, wala misuli, wala mkia. Lakini ugwe ule ukaanza kutoa amri: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kana kwamba ungali ukimwogelesha samaki ambaye hayupo!

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mtoto wetu. Mkia wa samaki hautii kichwa peke yake. Una wakubwa wake wa karibu, nao wanakaa ndani ya mgongo. Kichwa kikiisha kukatwa, wakubwa hao huishi bado kwa muda mfupi, na katika muda huo waweza kuamuru mapigo yao ya mwisho.

WAPIGA KASIA WA AINA TATU

Lakini kuogelea si kupiga mkia tu. Samaki anayetafuta chakula huenda polepole. Anayesafiri na kundi lake huongeza mwendo. Mgebuka anapolivamia kundi la ndakala hutoka kama mshale. Je, ugwe hupangaje mwendo huo wote?

Hapa yafaa kwanza kutazama nyama yenyewe. Mkate samaki mkubwa vipande vya mviringo, kama wanavyofanya akina mama kwa ajili ya mchuzi. Chini ya ngozi, katikati ya ubavu, utaona utepe wa nyama nyekundu iliyoiva rangi. Nyama nyingine yote iliyobaki ni nyeupe. Ile nyekundu ni misuli ya mwendo wa polepole: nguvu zake si nyingi, lakini haichoki upesi. Nyeupe ni misuli ya mbio: ina nguvu kubwa, lakini baada ya muda mfupi huishiwa. Kati ya hizo mbili ipo nyama ya aina ya tatu, isiyo ya polepole sana wala ya mbio sana.

Sasa fikiri juu ya mtumbwi mkubwa wenye wapiga kasia wa makundi matatu. Kundi la kwanza ni wazee wavumilivu, wawezao kupiga kasia usiku kucha. Kundi la pili ni watu wazima wenye nguvu za kiasi. Kundi la tatu ni vijana wenye vifua vipana, ambao hukurupuka kwa kishindo, na punde wanahema. Nahodha mwenye akili hawatumii vijana katika safari ya kawaida, maana dhoruba ikija watakuwa wamekwisha kuchoka.

Ndivyo ulivyo ugwe wa samaki. Wataalamu wamelichunguza jambo hili katika samaki mdogo wa maji baridi ya Bara Hindi, mwenye milia kama punda milia, asiyepita urefu wa kidole. Walimchagua kwa sababu watoto wake wana miili inayopenya nuru, hata mtu akitazama kwa hadubini aweza kuona chembe za fahamu zikifanya kazi ndani ya samaki aliye hai. Mwaka 2007 David McLean na Joseph Fetcho, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell katika Marekani, walionyesha kwamba chembe hizo zimepangwa kwa utaratibu wa ajabu. Chembe zinazoamuru misuli wakati wa mwendo wa polepole ziko upande wa chini wa ugwe. Mwendo ukizidi, huamshwa zilizo juu yake, kisha zilizo juu zaidi. Mtoto huyo wa samaki, aliye mdogo kuliko ukucha, huweza kuupiga mkia wake mara 20 hivi kwa sekunde moja anapotembea tu, na karibu mara 100 anapokimbia hatari.

Kisha mwaka 2014, huko Stockholm, Abdel El Manira na wenzake waliwachunguza samaki hao wakiisha kukua. Wakaona jambo linalopendeza sana. Chembe zinazoamuru misuli ziko za makundi matatu: za polepole, za kati na za mbio. Tena kila kundi lina chembe zake nyingine zinazoliamsha na kulipa mdundo. Yaani hakuna mpiga ngoma mmoja kwa mtumbwi mzima. Wazee wana mpiga ngoma wao, watu wazima wana wao, vijana wana wao. Samaki akitaka kuongeza mwendo, wapiga ngoma huitwa kwa zamu: wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama dereva wa lori anavyobadili gia.

Zaidi ya hayo, mwaka 2016 kikundi hicho hicho cha Stockholm kiliona kwamba wapiga kasia si watumwa wa kutii tu. Wao nao hurudisha habari kwa mpiga ngoma wao, na hali yao huweza kumtia nguvu au kumpunguzia. Anayeamriwa naye ana neno lake.

BREKI NA NAHODHA

Mtumbwi wenye nguvu za kwenda mbele tu ni wa hatari. Kwa hiyo ndani ya ugwe zimo pia chembe ambazo kazi yake ni kuzuia. Nyingine huuzuia upande wa kushoto wakati upande wa kulia unapovuta, ndiyo maana mwili hujipinda kwa zamu wala haukakamai kama gogo. Nyingine ni breki za mwendo. Mwaka 2019 Martha Bagnall na wenzake, katika mji wa St. Louis huko Marekani, walizituliza kwa njia ya mwanga baadhi ya chembe hizo za kuzuia. Mara samaki wakaogelea kwa kasi kubwa kuliko kawaida yao. Breki ilikuwa imeachiliwa.

Sasa ubongo una kazi gani? Kazi yake ni ya nahodha. Mwaka 1966, huko Moscow, wataalamu watatu, Shik, Severin na Orlovsky, waligusa kwa umeme sehemu moja ndogo katika shina la ubongo wa paka. Umeme ukiwa hafifu, paka alitembea. Ulipozidishwa, alienda mbio za taratibu. Ulipozidishwa tena, alitimka. Nahodha hakuhesabu hatua, wala hakuuambia kila msuli jambo la kufanya. Alisema tu, «Twende,» kisha, «Ongezeni!» Mengine yote waliyajua wenyewe wale walio chini.

SAMAKI WETU MLA MAGAMBA

Msomaji wa Kalemie atauliza: «Mbona hizi ni habari za samaki wa mbali? Je, ziwa letu halina mafundisho yake?» Yapo, ndugu yangu. Katika Ziwa Tanganyika anaishi samaki mdogo, ambaye wataalamu humwita Perissodus microlepis. Huyu ni mwizi wa magamba. Huwanyemelea samaki wengine kwa nyuma, huruka ubavuni mwao, hunyakua magamba, hutoroka. Mdomo wake umepindika: wengine kuelekea kulia, wengine kushoto. Aliyepindika kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa mwenzake, na aliyepindika kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Mjapani Michio Hori aliandika mwaka 1993 kwamba idadi ya pande hizo mbili hupanda na kushuka, lakini hukaa karibu na nusu kwa nusu. Sababu ni kwamba wa upande mmoja wakizidi, samaki wengine hujifunza kuulinda ubavu ule.

Mwaka 2012 Hori, pamoja na Yuichi Takeuchi na Yoichi Oda, waliwapiga samaki hao picha za kamera ya mwendo wa haraka. Wakaona kwamba si mdomo tu ulio na upande wake. Samaki akishambulia kwa upande aliouzoea, mwili wake hujipinda kwa nguvu na kwa kasi kuliko akishambulia kwa upande mwingine. Na yule anayeshambuliwa naye hujiokoa kwa mpindo kama huo. Nyuma ya ubongo wa samaki wengi ziko chembe mbili kubwa mno, moja kila upande, ziitwazo chembe za Mauthner. Moja ikitoa amri, amri hiyo huvuka upande wa pili na kushuka katika ugwe wote mara moja. Ubavu mzima hujikunja, na samaki hutoweka kabla hujafumba jicho. Mtu aliyejaribu kumshika samaki kwa mkono katika maji ya ufukoni amekwisha kushindwa na chembe hizo.

KIJANA WA MCHIKICHINI

Sasa nitaeleza kile kilichonikaa moyoni. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu alipanda mchikichi ili akate chikichi. Ukanda wake ukakatika, akaanguka chali. Tulikimbia watu wanne kumsaidia. Wawili walishika mikono, mmoja alishika mguu wa kulia, nami nikaushika wa kushoto. Tukamwinua kama gunia lililofumuka katikati, mgongo wake ukining'inia. Tukamketisha juu ya pikipiki kati ya watu wawili, kichwa kikiyumba, tukampeleka hospitalini tukijiona watu wema.

Kabla hatujamwinua alikuwa akilalamika kwamba vidole vya miguu vinamwasha. Tulipofika hakuvisikia tena. Daktari hakutulaumu. Alisema kwamba pengine anguko lenyewe lilikuwa limekwisha kuuharibu ugwe. Lakini neno hilo «pengine» nimelala nalo usiku mwingi.

Miezi minne baadaye mama yake alinijia mbio. «Mwalimu, njoo uone! Miguu ya mwanangu imeamka!» Nikaenda. Kweli, alipovuta blanketi, magoti yakajikunja yenyewe, na wayo ukatikisika kwa mdundo, tik, tik, tik. Mama alikuwa akilia kwa furaha. Mganga mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba dawa yake ndiyo iliyoiamsha miguu, na kwamba kazi iliyobaki itagharimu fedha nyingi. Mama alitaka kuuza mashine ya mtumbwi, mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Nilimwomba kijana: «Ndugu yangu, sogeza kidole gumba cha mguu.» Akajaribu mpaka jasho likamtoka. Kidole hakikusogea. Ndipo nilipoukumbuka ule mkia juu ya ubao.

Nikamwambia yule mama polepole, kwa maana ni neno gumu kumwambia mzazi: «Mama, miguu haijaamka. Haikupata kulala. Wapiga kasia wa chini wako hai, lakini hawamsikii nahodha, kwa kuwa njia iliyo kati yao imekatika.» Nikamsihi aende kwa daktari kabla ya kuuza kitu. Akaenda. Daktari akamweleza vivyo hivyo. Mama alilia tena, lakini mashine haikuuzwa. Mpaka leo inafanya kazi ziwani. Naye kijana hukaa kivulini akishona nyavu za mtumbwi ule, na mikono yake ni myepesi kuliko ya wengi wetu.

TUFANYE NINI?

Msomaji mpendwa, kwa mtu aliyeanguka kutoka mtini au aliyegongwa barabarani, kumbuka kwamba ugwe wake ni laini kama ule wa samaki, na mfupa uliovunjika waweza kuukata kama kisu.

Usimketishe, usimsimamishe, usimvute mikono. Isipokuwa moto au maji yanamtisha, mwache alale palipo. Mtu mmoja akishike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke, na mwingine akaite msaada. Mwangalieni kama anapumua vema. Ikiwa lazima kumhamisha, tafuteni ubao au mlango. Watu wanne au watano wamgeuze pamoja kwa hesabu moja, kichwa, mgongo na miguu kama gogo moja, kisha mumlaze juu yake na kumfunga asiteleze. Akitapika, mgeuzeni ubavu kwa njia hiyo hiyo.

Ikiwa katika nyumba yako yuko aliyepooza, mgeuze kila baada ya saa mbili, uzitazame makalio na visigino vyake kila siku, kwa maana vidonda vya kulalia vimewaua wengi ambao ugwe haukuwaua. Miguu ikiruka yenyewe, usiite muujiza wala uchawi. Lakini siku atakapoweza kusogeza kidole kwa kutaka mwenyewe, hata kidogo, mpeleke habari daktari upesi, maana hiyo ni dalili njema.

Wala matumaini hayakukatika yote. Mwaka 2018, huko Lausanne katika Uswisi, Grégoire Courtine na daktari Jocelyne Bloch waliwawekea watu watatu waliopooza kwa miaka zaidi ya minne chombo kidogo cha umeme juu ya ugwe wa chini. Ugwe wao haukuwa umekatika wote. Umeme ulipoongezea nguvu sauti hafifu ya nahodha, watu hao walipiga hatua tena, wakisaidiwa. Hiyo si dawa ya kununuliwa sokoni, na anayekuuzia kwa jina hilo anakuibia. Lakini yaonyesha kwamba wale wataalamu waliokaa miaka mingi wakitazama mkia wa samaki mdogo hawakupoteza wakati wao.

Na yule mtoto wa darasa la tano? Nilimwita nikamweleza habari yote, ya paka, ya samaki wenye milia na ya wapiga kasia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Basi, Mwalimu, tungalijua hayo mapema, tungalimbeba yule kaka kwa mlango.»

Sikuwa na la kumjibu. Siku ile ile niliiandika ubaoni njia ya kumbeba aliyevunjika mgongo, na darasa zima likajizoeza uani, mtoto mmoja akilala chini, watano wakimgeuza kwa hesabu moja.